Kioo, Risasi na Ukoo: Historia ya Ufundi wa Vioo vya Rangi Afrika Mashariki Ikitazamwa kutoka Nyakiriba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ufundi wa madirisha ya vioo vya rangi katika Afrika Mashariki na namna ufundi huo unavyorithishwa. Yanaanzia Nyakiriba, wilayani Rubavu, ambako maneno yanayohusu kioo na dirisha yamekwisha kuwa mali ya wenyeji ilhali ufundi wenyewe haujapata makao. Kutoka hapo yanafuata njia ya kioo cha rangi kupitia majengo ya Zanzibar ya karne ya 19 hadi karakana ya familia ya Croze huko Kitengela, Kenya. Hoja kuu ni kwamba kioo cha rangi kilidumu katika eneo hili kwa takribani karne nzima kikiwa bidhaa iliyoagizwa. Kiligeuka kuwa ufundi pale kilipopata familia ya kukilea. Hata hivyo, familia pekee haiwezi kuubeba ufundi kwa vizazi vingi bila shule na bila istilahi zilizoandikwa katika lugha ya mafundi.

1. Utangulizi

Nyakiriba ni mojawapo ya imirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Iko karibu na Nyundo, katika nchi ya vilima inayotelemka kuelekea Ziwa Kivu, na si mbali na Gisenyi na mpaka wa Goma. Kwa sababu ya mpaka huo, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya safari katika eneo hili muda mrefu kabla ya Rwanda kukitambua kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Mkazi wa Nyakiriba anapotaja dirisha kwa Kinyarwanda husema idirishya. Kioo, au chombo cha kunywea kilichotengenezwa kwa kioo, hukiita ikirahuri. Rangi ya kupaka huiita irangi, na risasi ya bunduki huiita isasu. Maneno haya manne yanakaribia kutosha kueleza dirisha la vioo vya rangi: uwazi ukutani, kioo, rangi na madini yanayoshika vipande pamoja. Yote manne yana sura ya Kiswahili ndani yake. Hata hivyo, mtu anayetaka kujifunza kutengeneza dirisha la namna hiyo hana budi kutafuta mwalimu mbali na kwao. Swali la makala haya ni kwa nini maneno yalisafiri na ufundi ukabaki nyuma, na nini kilitokea mahali ambapo hatimaye ufundi uliweka mizizi.

2. Njia ya maneno

Historia ya maneno husaidia kuona kile ambacho kumbukumbu za majengo hazisemi. Dirisha na rangi ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Bilauri imetoka katika Kiarabu na Kiajemi, ambako jina hilo lilihusu kioo angavu cha thamani. Risasi imetoka katika Kiarabu, na hutaja kwanza madini yenyewe, kisha kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Maneno haya yaliingia Kiswahili kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, yakafuata misafara hadi bara, na baadaye yakafuata makarani, askari na wafanyabiashara wa zama za ukoloni.

Kinyarwanda kiliyapokea kwa sarufi yake chenyewe. Mwenendo wa maumbo unaonyesha kwamba silabi ya kwanza ya bilauri ilisikika kama kiambishi cha wingi, ukapatikana wingi ibirahuri, na kutoka hapo ukaundwa umoja ikirahuri. Kadhalika, silabi ya kwanza ya risasi ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, likabaki shina linaloonekana katika isasu na amasasu. Lugha iliyobadilisha neno kwa kiasi hiki haijaliazima kwa muda tu. Imelifanya kuwa lake.

Jambo la kuzingatia ni maana iliyosafiri na maana iliyoachwa njiani. Katika Kiswahili, risasi bado ni madini na pia ni kombora la bunduki. Katika Kinyarwanda, neno lililofika ni la bunduki. Kwa mkazi wa ukanda huu wa mpaka, uliopitia vita na wakimbizi, ni vigumu neno hilo kuleta picha ya ukanda laini wa madini unaoshika vipande vya kioo katika dirisha. Neno lilifika na mfanyabiashara na askari. Fundi wa madirisha hakuwa katika msafara huo.

Linganisha na imigongo, sanaa ya Rwanda inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe katika matuta ya maumbo ya kijiometri na kupakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Simulizi huihusisha sanaa hiyo na Kakira, mwana wa Mfalme Kimenyi wa Gisaka, mashariki mwa nchi. Kwa muda mrefu ilirithishwa na wanawake nyumbani, na baada ya 1994 ilifufuliwa kupitia ushirika wa wanawake. Jina lake linatokana na umugongo, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ndugu wa mgongo. Hapa neno, malighafi na mrithi vyote vilikuwa katika nyumba moja. Kioo cha rangi hakikuwa na bahati hiyo.

3. Kioo kilichofika kikiwa kimekamilika

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kioo cha rangi kilijulikana mapema kwa sura ya ushanga. Kama sehemu ya jengo, kilionekana zaidi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mfano mashuhuri ni jengo la Zanzibar linalojulikana kama Zahanati ya Zamani, katika barabara ya Mizingani. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1887 na mfanyabiashara Tharia Topan. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa zina vioo vya rangi vinavyopokea mwanga kutoka upande wa bahari. Nakshi za mbao zilikuwa na mafundi pwani, na ufundi huo ulikuwa na majina ya zana, ya maua na ya mitindo. Kioo kilikuja kutoka ng'ambo, kikakatwa na kuwekwa mahali pake na seremala.

Mfano wa pili ni Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambako ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Msimamizi wa ujenzi wake, Askofu Edward Steere, alikuwa pia mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuandika sarufi na msamiati wa Kiswahili. Jengo hilo liliinuliwa kwa mikono ya mafundi wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini vioo vyake vya rangi vilitengenezwa Ulaya. Msomi aliyekuwa tayari kuandika neno lolote lililotamkwa mbele yake hakuwa na karakana ya kioo ya kusikiliza.

Utaratibu huo ulienea kote kanisa lilikofika. Madirisha yaliagizwa, yakafungwa katika masanduku, yakasafirishwa na kupachikwa. Kwa upande wa Rwanda, misheni ya Nyundo ilianzishwa mwaka 1901, na mwaka 1952 Nyundo ikawa makao ya Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji. Katika muongo huohuo wa 1950 ilianzishwa pale shule ya sanaa, ambayo imekuwa chimbuko la wachoraji na wachongaji wengi wa Rwanda. Kuanzishwa kwa shule hiyo ni hatua muhimu, kwa kuwa kulionyesha kwamba kanisa la mahali lilitaka kufundisha mikono, wala si kununua kazi iliyokamilika tu. Uchoraji, uchongaji na ufinyanzi vilipata mwalimu na darasa. Vioo vya rangi vinahitaji vitu zaidi ya darasa, kama sehemu inayofuata inavyoeleza.

4. Kazi yenyewe na mahitaji yake

Ufundi wa dirisha la vioo vya rangi ulielezwa kwa maandishi katika karne ya 12 na mtawa aliyejiita Theophilus, na hatua zake kuu hazijabadilika sana. Msanii huchora kiolezo chenye ukubwa uleule wa dirisha. Kila kipande hupewa namba na rangi. Kioo hukatwa kwa kufuata kiolezo. Zamani kwa chuma cha moto, leo kwa gurudumu dogo la chuma kigumu au kwa almasi. Sura, mikunjo ya nguo na vivuli huchorwa kwa rangi yenye unga wa kioo na oksidi ya chuma au shaba, kisha vipande huchomwa katika tanuri kwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi hadi mchoro ushikamane na kioo. Baadaye vipande huunganishwa kwa kanda za risasi zenye mfereji pande mbili, maungio hulehemiwa, na nafasi zilizobaki huzibwa ili mvua isipenye.

Rangi ya kioo chenyewe hutokana na madini yanayochanganywa wakati wa kuyeyusha. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea hewa iliyomo tanurini, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo sana hutoa nyekundu ya waridi. Rangi iko ndani ya kioo, wala haikupakwa juu. Ndiyo maana dirisha la karne ya 13 bado linaweza kumulika sakafu kwa rangi zake.

Njia nyingine ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1920. Kioo humiminwa katika kalibu kuwa bamba lenye unene wa takribani sentimita 2.5, hupasuliwa kwa nyundo, na vipande hupangwa na kuzungushiwa saruji. Njia hii haihitaji risasi, na huendana na majengo ya zege yaliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Njia zote mbili zina sifa moja yenye uzito kwa Afrika Mashariki. Vioo vya asili tofauti havipanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja; chupa na kioo cha dirisha vikiyeyushwa pamoja bila uangalifu, kazi hupasuka inapopoa. Katika dirisha la risasi au la saruji, kila kipande hubaki peke yake. Fundi anaweza kutumia kioo kilichookotwa katika sehemu kumi na bado dirisha likasimama. Kwa hiyo kikwazo cha ufundi huu katika eneo hili hakikuwa uhaba wa malighafi. Kikwazo kilikuwa tanuri, mafuta ya kuliwasha, na muda mrefu wa kukosea na kurudia. Mtu aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi ni nadra kupewa muda huo. Familia inaweza kuutoa.

5. Ukoo ukiwa karakana

Historia ya kioo duniani ni historia ya koo. Mwaka 1291 Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano kwa hofu ya moto, na huko siri za kazi zilihifadhiwa ndani ya familia kwa karne nyingi. Karibu na Chartres, Ufaransa, Gabriel Loire alianzisha karakana yake mwaka 1946. Mwanawe Jacques aliiendeleza, na wajukuu Bruno na Hervé wakairithi. Katika karakana za namna hiyo, mtoto hujifunza kusikia kioo kabla ya kujifunza kukikata: sauti ya mkato mzuri na ya mkato utakaoasi hutofautishwa kwa sikio, na sikio hulelewa kwa miaka.

Afrika Mashariki ina mfano wake katika Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akichora picha za ukutani, alianzisha huko kazi ya kioo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alianza na madirisha ya vioo vya rangi, akaendelea na mabamba mazito yanayozungushiwa saruji. Mwanawe, Anselm Croze, alijifunza kupuliza kioo na katika miaka ya 1990 akaanzisha karakana ya kioo cha moto katika eneo hilohilo. Mama alikata na kupanga, mtoto akapuliza. Urithi haukuwa kunakili kazi ya mzazi, bali kuchukua malighafi ileile na kuiuliza swali jipya.

Mambo matatu ya Kitengela yanastahili kuzingatiwa na washauri wa sera. La kwanza ni malighafi: karakana ilijengwa juu ya kioo kilichotupwa, yaani mabaki ya vioo vya madirisha na chupa. La pili ni moto: matanuri yalitengenezwa yaweze kuwaka kwa mafuta machafu ya injini yakisaidiwa na mvuke, badala ya kusubiri gesi ghali. La tatu ni watu: kazi haikubaki mikononi mwa waliozaliwa katika familia, kwani mafundi wa Kenya walifundishwa wakawa wakataji, wapulizaji na wajenzi. Familia ilikuwa mlango, na nyumba ikajaa wasio wa damu.

Hapohapo ndipo udhaifu ulipo. Karakana ya familia hutegemea afya, ardhi na hiari ya watu wachache. Mrithi akichagua njia nyingine, miaka 40 ya majaribio inaweza kuzimika pamoja na tanuri. Aidha, jina linalobaki katika vitabu huwa la familia, ilhali maarifa mengi ya kila siku, kama vile kujua kwa jicho lini kioo kimeiva na kwa mkono lini kimepoa vya kutosha, yamo kwa mafundi ambao majina yao hayaandikwi.

6. Kutoka karakana hadi shule: nafasi ya lugha

Maarifa hayo hukaa katika maneno. Kamusi za jumla humpa mtafiti kioo, risasi, tanuri na kulehemu. Hazimsaidii kutofautisha ukanda wa risasi wenye mfereji na ukanda bapa, kioo kilichopuliziwa na kioo kilichomiminwa, wala kupoa kwa kawaida na kule kupozwa polepole kwa saa nyingi ambako huzuia kioo kisipasuke siku chache baadaye. Kutofautisha huko ndiko ufundi. Mwanafunzi asiyekuwa na neno la kupoza kioo polepole atajifunza jambo hilo kwa kupoteza kazi yake.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unatambua ujuzi wa ufundi wa jadi na pia lugha kama chombo cha kuurithisha. Mwaka 2023, nchi sita za Ulaya ziliorodhesha kwa pamoja maarifa ya kutengeneza kioo kwa mikono. Kenya na Rwanda ni wanachama wa mkataba huo. Sanaa iliyoingia eneo hili hivi karibuni si lazima iombewe nafasi katika orodha ya dunia, lakini mbinu inayotumika, yaani kuandika hatua za kazi, majina ya zana na njia ya kufundishana, inafaa kutumika mapema, kabla ya kufika hatua ya kuokoa.

Rubavu ina sababu za kuwa mahali pa majaribio. Nyundo ina mapokeo ya kufundisha sanaa. Kiwanda cha bia kilichoanzishwa Gisenyi mwaka 1957 kimeifanya chupa kuwa kitu cha kawaida katika maisha ya wilaya, na tangu 1963 gesi ya methani ya Ziwa Kivu imewahi kutumika kuchemsha matangi yake. Suala la moto, kwa hiyo, si geni hapa. Hata matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, yaliyoharibu nyumba nyingi, yanatoa somo la kiufundi: risasi ni laini na huruhusu dirisha kujongea kidogo, ilhali saruji haijongei. Uchaguzi wa njia katika nchi ya volkano una matokeo, na unahitaji kufundishwa kwa maneno yanayoeleweka pande zote za mpaka.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha hatua tatu. Kwanza, maneno ya kioo yalitoka pwani yakafika hadi vilima vya Kivu yakiwa na bidhaa, bila fundi. Pili, majengo ya karne ya 19 yalionyesha kioo cha rangi kwa macho ya wengi huku utengenezaji ukibaki ng'ambo. Tatu, familia moja nchini Kenya ilikaa na kioo muda wa kutosha hadi kikawa kazi ya mikono ya hapa. Hatua ya nne, ya kuuhamisha ufundi kutoka ukoo hadi jamii, bado haijakamilika.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, ikusanye istilahi za kioo karakanani, kutoka kwa mafundi wenyewe, kabla ya kubuni mpya ofisini. Na katika orodha hiyo, jina la fundi aliyetoa neno liandikwe kando ya neno. Pili, shule za sanaa za eneo hili zibadilishane wanafunzi na karakana za familia kwa vipindi virefu, kwani sikio la kioo halifunzwi kwa semina ya wiki moja. Tatu, ruzuku za ubunifu zihesabu miaka ya kufundisha pamoja na idadi ya bidhaa zilizouzwa.

Siku neno risasi litakapotamkwa katika darasa la Nyundo na mwanafunzi wa Nyakiriba akanyoosha mkono kuchukua ukanda laini wa kuunganishia kioo, maana iliyoachwa njiani itakuwa imefika.